Nani Alikuwa Meneja wa M-Pesa? Historia fupi ya kazi isiyoonekana

Swali ninaloulizwa sana na wanafunzi wa kompyuta hapa Nairobi ni hili: nataka kuwa meneja wa utengenezaji wa programu, nisome nini? Wengi wanatarajia niwatajie cheti au shahada ya pili. Leo nitawajibu kwa historia. Kazi hii ina historia yake hapa hapa mjini, na ukiifuata kutoka Westlands hadi barabara ya Ngong, kisha hadi Bomas, utajua kama ndiyo kazi unayoitaka au unatamani tu kiti na mshahara wake.

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Mwanaprogramu huandika programu. Meneja wa utengenezaji huamua kipi kiandikwe, kipi kiachwe, nani afanye nini na kitoke lini. Kikiharibika, yeye ndiye wa kujibu. Ni hayo tu, lakini "kipi kiachwe" ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kama tutakavyoona.

Kazi ilikotoka

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia mpya ya kompyuta, System/360. Mashine zenyewe zilitengenezeka, lakini programu ya kuziendesha ilichelewa vibaya. Msimamizi wake alikuwa Fred Brooks. Watu wakaongezwa, na kazi ikazidi kuchelewa. Mwaka 1975 Brooks alichapisha kitabu, The Mythical Man-Month, akaeleza kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wanaowafundisha ni wale wale waliokuwa na kazi. Isitoshe, mazungumzo yanaongezeka. Watu 3 wana njia 3 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Piga hesabu mwenyewe!

Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano ulioandaliwa na NATO kujadili kwa nini miradi ya programu inashindwa kila mahali. Baadaye, Februari 2001, wanaprogramu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakakubaliana kuhusu njia nyepesi zaidi: toa kidogo kidogo, msikilize mteja, badilika mapema. Shule nyingi zinakufundisha hayo ya Snowbird. Lakini Nairobi tuna somo letu wenyewe, na halikuandikiwa Utah.

Westlands: programu iliyobadilishwa na watumiaji wake

Mitaani kuna hadithi kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kisha akanyang'anywa. Safaricom imeikanusha. Mimi hadithi hiyo inanivutia kwa sababu nyingine: inaonyesha jinsi tunavyofikiri kuhusu programu. Tunadhani kuna mtu mmoja, wazo moja, usiku mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Historia inayojulikana ni hii. Vodafone ya Uingereza, ikisaidiwa na fedha za idara ya maendeleo ya serikali ya huko, ilitaka kuona kama simu inaweza kurahisisha mikopo midogo. Waliousukuma mradi huo walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Mshirika wa mikopo alikuwa Faulu Kenya, na mtandao wa simu ulikuwa wa Safaricom.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 yakiwa na maduka 8 ya wakala na wateja chini ya 500, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Lengo lilikuwa moja: mteja wa Faulu apokee mkopo wake kwa simu na aulipe kwa simu.

Watu wakafanya mambo yao. Mfanyabiashara alimlipa mwenzake kwa M-Pesa. Mwingine aliweka pesa jioni ili asilale nazo nyumbani. Msafiri aliweka pesa mji mmoja, akazitoa alikofika ili asizibebe njiani. Wengine walinunua kredo kwa M-Pesa na kuirusha moja kwa moja kwa jamaa zao mashambani, hiyo ikawa ndiyo njia ya kutuma pesa. Wakati huo huo, upande wa mikopo ulikuwa mzigo, kwa sababu mfumo mpya na vitabu vya Faulu havikuongea vizuri na karani alibaki kulinganisha hesabu kwa mkono.

Hapo ndipo unamwona meneja akifanya kazi. Fikiria umekalia kiti hicho. Pesa ulizopewa ni za mikopo. Mshirika wako ni wa mikopo. Programu imeandikwa kwa ajili ya mikopo. Na watumiaji wanakuonyesha, bila kukuambia, kwamba wanachotaka ni kutuma pesa kwa mtu mwingine. Utafanya nini?

Waliweka mikopo pembeni. M-Pesa iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 ilikuwa na ujumbe mmoja: mtumie pesa aliye nyumbani. Mkenya yeyote aliyewahi kumpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama kijijini aliuelewa papo hapo. Kabla ya 2008 kwisha, watumiaji walikuwa wamepita milioni 2.

Angalia pia kwamba kilichoachwa hakikufa. Novemba 2012 mikopo ilirudi kupitia M-Shwari, huduma ya Safaricom na benki ya CBA. Miaka saba baada ya Thika! Meneja mzuri anaposema "hapana", mara nyingi anamaanisha "bado".

Katikati ya jiji: meneja na barua

Wanaprogramu wengi hawajui sehemu hii, au hawaipendi. Programu ya pesa haitoki kwa sababu tu imemaliza majaribio. Kutoka Safaricom House kwenye Waiyaki Way ilibidi watu waende mara kwa mara hadi Haile Selassie Avenue, yalipo makao ya Benki Kuu ya Kenya. Maswali yalikuwa ya maana: hii ni benki au si benki? Pesa za wateja zinakaa wapi? Kampuni ikianguka, mama mboga atapata wapi chake?

Jibu halikuwa la kiufundi peke yake. Pesa za wateja ziliwekwa kwenye akaunti ya amana katika benki, mbali na pesa za kampuni, na mapema mwaka 2007 Benki Kuu iliandika kwamba haina pingamizi. Mwishoni mwa 2008, John Michuki, aliyekuwa kaimu waziri wa fedha, aliagiza huduma hiyo ichunguzwe. Ilichunguzwa, ikaendelea. Ingekuwa haina kumbukumbu zilizopangwa vizuri, uzuri wa programu usingeisaidia kitu.

Sasa turudi kwenye swali la kichwa cha habari. Nani alikuwa meneja? Jibu ni kwamba walikuwa wengi. Hughes na Lonie kwa upande wa Vodafone, Pauline Vaughan aliyeongoza M-Pesa ndani ya Safaricom, na baadaye Betty Mwangi aliyeongoza huduma za fedha. Lakini kuna ukweli mwingine unaouma kidogo. Mtumiaji alikuwa Kawangware, programu ilitoka Cambridge, na seva zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya pamoja na mfumo mpya uliotengenezwa na Huawei. Jina la M-Pesa na mfumo wake vilinunuliwa na Safaricom na Vodacom kutoka Vodafone mwaka 2020 tu. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa hodari wa kutumia, na maamuzi makubwa ya kiufundi yalifanyiwa kwingine.

Barabara ya Ngong: timu bila ofisi

Januari 2008 nchi ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi. Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Ndani ya siku chache Ushahidi ilikuwa hewani. Ory alikuwa Afrika Kusini, David Kobia alikuwa Marekani, na pamoja nao walikuwa Erik Hersman na Juliana Rotich.

Mnaona jinsi siku chache zilivyotosha? Si uchawi. Walichagua kidogo sana: taarifa iingie kwa simu au wavuti, ikaguliwe, ionekane kwenye ramani. Basi. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza vikorombwezo. Timu ya Brooks ilikuwa kubwa ikachelewa, hii ilikuwa ndogo ikawahi. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilitumika baada ya tetemeko la ardhi la Haiti.

Machi 2010 kundi hilo lilisaidia kufungua iHub, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, barabara ya Ngong. Jessica Colaço akawa meneja wake wa kwanza. Umuhimu wa mahali pale kwa hadithi yetu ni kwamba mwanaprogramu wa Nairobi aliweza kukaa meza moja na mtu wa kubuni, mtu wa biashara na mtu wa sheria. Wengi walijifunza umeneja hapo bila kuuita hivyo, kwa kuwa kampuni ya watu watatu haina meneja, na hivyo kila mmoja ni meneja. iHub ilihamia Senteu Plaza, Kilimani, mwaka 2017, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Nigeria.

Bomas: tarehe isiyosogea

Kisha kuna somo chungu. Baada ya ghasia, tume ya Jaji Kriegler ilipendekeza mwaka 2008 matokeo ya kura yatumwe kwa teknolojia. Miaka minne na ushee ilikuwepo. Lakini usajili wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole ulianza Novemba 2012, miezi isiyofika minne kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013.

Siku ilipofika, vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi, betri zikaisha katika shule zisizo na umeme. Utumaji wa matokeo ukakwama, na maafisa wakalazimika kubeba fomu hadi Bomas of Kenya, Lang'ata. Kwenye skrini kubwa, kura zilizokataliwa zilipita 300,000. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa inazizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975.

Hitilafu ya kuzidisha mara 8 ni ya mwanaprogramu? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini hitilafu kama hiyo hukamatwa kwenye jaribio kamili linalofanana na siku yenyewe, na jaribio kamili linahitaji muda. Muda ukiliwa mwanzoni na zabuni na mabishano, unakatwa mwishoni, penye majaribio. Tarehe ya uchaguzi haisogei. Kama tarehe haisogei, kinachopaswa kupungua ni ukubwa wa kazi, na mtu anapaswa kuwa na ujasiri wa kusema hivyo mapema, mbele ya wakubwa. Huyo mtu ndiye meneja.

Ngazi imefika, je uipande?

Zamani mwanaprogramu wa Nairobi aliyetaka kiti hiki alifungua kampuni yake au alihama nchi. Mambo yamebadilika. Microsoft ilianzisha kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Machi 2022 ikafungua ofisi Dunhill Towers, Waiyaki Way. Aprili 2022 Google ilitangaza kituo chake cha kutengeneza bidhaa Nairobi. Maamuzi yanaanza kufanyika huku.

Lakini kumbuka Septemba 2019, Andela ilipoachisha kazi mamia ya wanaprogramu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, ikisema soko linataka wenye uzoefu. Kujua kuandika programu peke yake hakukuwalinda. Ndiyo maana swali la wanafunzi si la mchezo, ni la mkate.

Kwa hivyo nisome nini? Soma ulichosoma, shahada ya kompyuta haijaharibika. Ila anza kuzoea mambo matatu ambayo historia hii imeyarudia. Kaa na watumiaji hadi uone wanachofanya, si wanachosema, kama ilivyokuwa Thika. Jifunze kuandika barua na kumbukumbu ambazo mtu wa Haile Selassie Avenue ataelewa. Na ujizoeze kukata kazi mapema huku tarehe ikiwa bado mbali. Huhitaji kungoja cheo. Chama chako kinahitaji mfumo wa hesabu, kanisa au msikiti wenu una orodha ya waumini iliyochanganyika. Simamia hiyo, na watu wawili tu, hadi mwisho.

Utagundua jambo moja linalowafanya wengi warudi kwenye kuandika programu, na si aibu kurudi: kazi ya meneja ikifanyika vizuri, hakuna anayeiona. Watu wanasema tu pesa imefika.

Haya, karibuni kwa maoni, hasa nyinyi mliowahi kukalia kiti hicho. Kazi njema.