Kujithamini kwa mwenye baipola

Kujithamini ni kujiona una thamani kama mtu, ufanikiwe usifanikiwe. Wengi hulichanganya neno hili na kujiamini, ambako ni kuwa na hakika na uwezo wako katika jambo fulani. Fundi cherehani anaweza kujiamini mbele ya mashine yake, kisha akarudi nyumbani akijiona si kitu. Wapo wanaosema kujistahi. Ni neno zuri, ila naona limeelemea mno kwenye staha.

Tofauti hizi huwa nzito kwa mwenye baipola, ugonjwa wa akili ambao hisia hupanda na kushuka kupita kiasi. Mwaka 1957 Karl Leonhard, daktari Mjerumani, aliutenganisha ugonjwa huu na sonona ya kawaida, kwa kuwa mgonjwa wa baipola hupatwa pia na mania, yaani vipindi vya msisimko uliopitiliza. Katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, dalili ya mania inayoongoza orodha ni mtu kujiona mkubwa kupita kiasi. Huko ni kujikweza, na kunatokana na ugonjwa.

Mfikirie mfanyabiashara wa mahindi wa Songea wakati wa mavuno. Mania ikimpanda, usingizi humpotea. Usiku wa manane anawapigia watu simu, anaagiza malori asiyo na fedha za kuyalipa, anakopa kwa riba, na mtaji anaugawa kwa marafiki. Majirani wanamsifu kwamba anajiamini. Wiki kadhaa baadaye sonona inamwangusha: anashinda kitandani, simu za wadai hapokei, anasema watoto wangekuwa na heri bila yeye. Aliyosema juu yake mwenyewe katika vipindi vyote viwili yalisemwa na maradhi. Hata kipimo mashuhuri cha kujithamini alichokitunga Morris Rosenberg mwaka 1965, chenye sentensi 10, kinaweza kumpa alama za juu siku ambayo anahitaji daktari kuliko siku zote.

Kujithamini kwake kunajulikana akishatulia, dawa zikimkaa vizuri. Hapo ndipo anapoliona deni, anapoona aibu, na anaposikia watu sokoni wakimwita chizi. Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu wagonjwa wa akili, imegeuzwa tusi nchi nzima. Mtu aliyewahi kulazwa huko hurudi na jina asiloweza kulivua. Wengine huacha dawa kwa sababu kila kidonge kinawakumbusha jina hilo, na ugonjwa unarudi. Inaniuma kwamba haya tunayafanya sisi wenyewe, kwa midomo yetu.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, akianza kukesha na kugawa mali, usingoje: mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Akisema hafai kuishi, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Na akishatulia, mrudishie kazi yake kidogo kidogo, muulize shauri katika mambo ya nyumbani, umwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.