Nyumba ya Donald

Leo tutasoma habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake Donald Triplett.

Donald alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alijua kuhesabu, lakini alipoitwa hakuitika, wala hakujali kama baba yake yupo au hayupo. Mwaka 1937 wazazi walishauriwa wampeleke akalelewe katika nyumba ya watoto, mbali na kwao. Baada ya mwaka hivi wakaenda kumchukua.

Mwaka 1938 walimpeleka Baltimore kwa Dakta Leo Kanner. Mwaka 1943 daktari huyo aliandika habari za watoto 11 wenye hali moja, na Donald ndiye wa kwanza wao. Hali hiyo leo twaiita usonji. Mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo. Basi, wazazi wakifa, atakaa wapi?

Mwaka 1942 Donald alikwenda kukaa shambani kwa mtu na mkewe wasio na watoto. Hawakuwa wasomi, lakini walikuwa na akili nzuri sana. Donald alipenda kuhesabu. Wakamwambia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alipenda kupima, wakampa kazi ya kupima kina cha kisima. Aliokota ndege waliokufa. Wakamwonyesha mahali pa kuwazika. Dakta Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945, alimkuta akilima kwa plau ya farasi.

Mwaka 1971 Dakta Kanner aliandika tena juu ya wale 11. Waliowekwa miaka mingi katika hospitali za serikali walikuwa wamepoteza hata ujuzi waliokuwa nao zamani. Donald alikuwa karani wa benki mjini kwao.

Baba yake alifariki mwaka 1980, na mama mwaka 1985. Donald hakuhamishwa. Alibaki katika nyumba ile ile, na fedha zilikuwa zimewekwa amana ili zilipe gharama zake. Ni kweli, jamaa zake walikuwa na mali. Benki yenyewe ilikuwa na mkono wa ukoo wa mama yake, na si kila mzazi ana benki! Lakini majirani hawakununuliwa. Waandishi wa habari walipofika Forest kumtafuta, wenyeji waliwaonya wasije wakamdhuru.

Donald aliendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, kisha akarudi nyumbani kwake. Alifariki mwezi wa Juni 2023, umri wake miaka 89.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni jibu la swali hili: katika mambo aliyofanyiwa Donald, ni yapi yasiyohitaji fedha nyingi? Mwalimu atawasomea majibu. Kwaherini.