Mashua Zilizobadili Kazi

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani mbele ya redio, na ninyi pia mnaosoma somo hili kwenye karatasi baada ya kulisikia. Mwalimu wa darasa, tafadhali itundike ramani ya dunia mahali ambapo wote wataiona. Wekeni kidole juu ya Uingereza, kisha kipandisheni upande wa kaskazini-magharibi mpaka mfike kisiwa kikubwa kilicho peke yake baharini. Hicho ndicho Aisilandi. Katika pwani yake ya kaskazini pana mji mdogo uitwao Húsavík, wenye watu 2,300 hivi. Leo tutapanda mashua huko, twende tukatazame nyangumi. Na tukiwa njiani nitawaeleza jinsi mnyama huyu, aliyewindwa miaka mingi kwa ajili ya mafuta yake, alivyokuja kuwapa watu riziki akiwa hai.

Tuseme ni mwezi wa Juni. Huko jua la mwezi huo huzama kwa muda mfupi tu, na usiku hauna giza la kweli. Lakini msidanganyike na mwanga huo: baharini pana baridi inayouma masikio. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kila abiria hupewa vazi zito, suruali na koti vilivyoshonwa pamoja, hata watu wote wakafanana kama mafundi wa karakana moja.

Itazameni mashua yenyewe. Ni ya mbao za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, na haikuundwa kwa ajili ya watalii. Iliundwa kuvua samaki. Katika mwaka 1984 serikali ya Aisilandi ilianza kuweka mgao wa samaki kwa kila chombo, kwa sababu samaki walikuwa wanapungua. Siku zilivyokwenda, haki za kuvua zilikusanyika mikononi mwa wenye meli kubwa, na mashua nyingi za mbao zikakosa kazi. Nyingine zilivunjwa na kuchomwa moto. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani anajua uchungu wa kuona chombo kizima kikifanywa kuni. Basi ndugu wawili wa Húsavík walinunua mashua moja ya namna hiyo wakaitengeneza, na mwaka 1995 wakaanza kuchukua abiria kwenda kutazama nyangumi. Wazo hilo halikuwa geni. Huko San Diego, Marekani, mvuvi mmoja alianza kazi hiyo mwaka 1955, akitoza dola moja kwa kila mtu. Hata Aisilandi kwenyewe, mji wa Höfn ulitangulia, mwaka 1991.

Haya, tumeng'oa nanga. Tuko katika ghuba ya Skjálfandi. Mito miwili mikubwa inamwaga maji yake humu, na ng'ambo, upande wa magharibi, mnaona milima yenye theluji. Maji ya mito na ya bahari yanapochanganyika, vijidudu vya baharini husitawi; uduvi hula vijidudu hivyo, samaki wadogo kama dagaa nao hula, na nyangumi huja kuwala hao wote. Ndiyo sababu ghuba hii ina nyangumi wengi hivi wakati wa kiangazi.

Mwonyeshaji njia anasimama juu, karibu na mlingoti, macho yake baharini. Akimwona nyangumi hasemi "kule!" maana kila mtu angetazama kule kwake. Huifanya mashua kuwa sura ya saa. Mbele ya chombo ni saa kumi na mbili, kulia ni saa tatu, nyuma ni saa sita. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, tukisikia "saa tatu" tutageukia mkono wa kushoto wakati wenzetu wanatazama mkono wa kuume! Hapo inafaa kutazama mkono wa saa na kuyasahau maneno.

"Saa tatu!" Pale! Mvuke mweupe unaruka juu ya maji. Hiyo ni pumzi. Nyangumi si samaki. Anavuta hewa kama sisi na kunyonyesha mtoto wake. Huyu ni nyangumi wa nundu, mwenye urefu wa futi 45 hivi na uzito wa tani 30 hivi. Nahodha anapunguza mwendo, watu wote wananyamaza. Mgongo unapita polepole, kisha mkia unainuka juu, maji yakichuruzika, na kuzama bila kishindo. Upande wa chini wa mkia una alama nyeusi na nyeupe, na hakuna nyangumi wawili wenye alama sawa. Wataalamu hupiga picha mikia hiyo, na hivyo wamegundua kwamba baadhi ya nyangumi wa huku huenda kuzaa katika bahari ya joto ya Karibi. Wale wa nundu wanaopita pwani yetu ya Afrika Mashariki kuanzia mwezi wa Julai ni wengine. Hao hutoka kusini, upande wa barafu.

Sasa, pumzi ile iliyotufurahisha ndiyo iliyomponza nyangumi. Aliyemwinda alingoja hapo hapo anapopumua. Katika karne ya 16 Wabasko, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, walivuka bahari mpaka Labrador kumwinda. Baada yao Waholanzi walijenga kambi ya kuyeyushia mafuta katika visiwa vya Spitsbergen, mbali zaidi kaskazini. Mafuta hayo yaliwasha taa za Ulaya na kutengeneza sabuni. Tusiwacheke watu hao: usiku wa majira ya baridi kule ni mrefu, na taa ni taa.

Wakati huo mwindaji alitumia chusa kilichorushwa kwa mkono, naye aliweza kufa kama nyangumi. Lakini katika miaka ya 1860 Svend Foyn wa Norwe aliunganisha meli ya mvuke na mzinga wa kufyatua chusa chenye baruti. Tangu hapo hata nyangumi wenye mbio hawakuponyoka. Wanorwe walijenga vituo Aisilandi kuanzia mwaka 1883, na kwa muda wa miaka 30 hivi nyangumi wakawa haba kiasi kwamba bunge la Aisilandi lilipiga marufuku uwindaji huo tangu mwaka 1915. Baadaye ulirudi. Katika karne ya 20, duniani kote, waliuawa nyangumi karibu milioni 3.

Mwaka 1982 mataifa yaliyokutana katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi yalipiga kura: 25 yalikubali uwindaji wa biashara usimamishwe, 7 yalikataa. Je, Aisilandi ipinge? Mwaka 1983 bunge lake liliamua kutopinga, kwa kura 29 dhidi ya 28. Kura moja tu! Lakini mwaka 2006 nchi hiyo ilianza tena kuwinda kwa biashara. Hapo wenye mashua za Húsavík waliona riziki yao inatishwa, nao wawindaji wakajibu kwamba bahari ni ya wote. Na wageni nao hawakuwa na msimamo: wengine walimtazama nyangumi asubuhi wakamwagiza katika sahani jioni. Mwaka 2023 waziri alisimamisha uwindaji kwa wiki kadhaa, baada ya ripoti kuonyesha kwamba baadhi ya nyangumi waliteseka muda mrefu kabla ya kufa. Mwaka 2024 na 2025 hakuna hata nyangumi mmoja mkubwa aliyewindwa kule.

Tumegeuza chombo. Tunagawiwa kakao ya moto na mkate wa mdalasini, na mikono inarudiwa na uhai. Gatini, jengo lile kubwa lilikuwa machinjio. Siku hizi ni jumba la makumbusho ya nyangumi, na mifupa yao imetundikwa darini. Waisilandi wana neno moja, hvalreki, maana yake nyangumi aliyetupwa ufukoni na mawimbi. Zamani za njaa nyangumi kama huyo alilisha kijiji kizima, kwa hiyo hata sasa wanalitumia kwa bahati yoyote iliyomjia mtu bila kuitazamia.

Kwa wiki ijayo: ninyi mlio karibu na pwani, waulizeni wazee habari za ambari, ile nta yenye thamani itokayo tumboni mwa nyangumi, iliyouzwa na wafanyabiashara wa pwani yetu tangu zamani. Andikeni mtakayoambiwa katika daftari, mistari mitano tu. Kwa herini.