Wenye Mashamba ya Ukingoni na Ulezi wa Mto Malewa

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 nchini Kenya ziliweka kipengele ambacho hakijapewa uzito unaostahili katika mijadala yetu ya mazingira. Ukanda wa ukingo wa mto, wa kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto, hauondolewi mikononi mwa mwenye shamba. Hati ya ardhi inabaki yake, ila matumizi ya ukanda huo yanafungwa na masharti na wajibu wa kuyatimiza ni wake yeye. Katiba ya 2010 ilikuja kuongeza nguvu: Ibara ya 62 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na Ibara ya 69 inamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya dola katika kuhifadhi mazingira. Kwa maandishi, basi, mlezi wa mto ameshateuliwa. Linalobaki ni kujua atafanyaje kazi hiyo kwa moyo wake, maana hakuna serikali yenye askari wa kusimama katika kila kona ya kila mto.

Hoja yangu ni kwamba mwenye ardhi ya ukingoni hufaa kuwa mlezi pale tu wajibu wake unapomfunga pamoja na jirani wa juu, jirani wa chini, na yule asiye na ardhi kabisa. Ulezi unaotokana na hati peke yake hulinda hati kwanza. Bonde la Naivasha, pamoja na Mto Malewa unaolilisha ziwa, lina ushahidi wa pande zote mbili.

Mwaka 1929 walowezi wa Kizungu waliomiliki mashamba kandokando ya Ziwa Naivasha waliunda chama chao. Kiini chake kilikuwa ugomvi wa ardhi: maji ya Naivasha hupanda na kushuka sana, na kila yanaposhuka hujitokeza ardhi mpya yenye rutuba. Ni ya nani? Mapema katika miaka ya 1930 waliafikiana na serikali ya kikoloni kwamba ardhi hiyo itabaki ya serikali, wao wakabidhiwe uangalizi, walime na kulisha mifugo hadi penye maji, lakini wasijenge majengo ya kudumu. Chama hicho, ambacho baadaye kiliitwa Lake Naivasha Riparian Association, kilidumu kupita ukoloni wenyewe. Kilipigania ziwa hadi likaorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 1995, kikaandaa mpango wa usimamizi, na mwaka 1999 kikatunukiwa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi. Hayo ni mafanikio ya kweli ya watu waliojitolea, na anayeyabeza hajui jinsi ilivyo vigumu kuwafanya wenye mali wakubali kujiwekea mipaka.

Hata hivyo, tuangalie nani hakuwamo. Wamaasai walikuwa wameondolewa katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Wavuvi, wafugaji wanaohitaji njia ya kuifikisha mifugo majini, na maelfu ya vibarua wa mashamba ya maua wanaopanga vyumba katika mtaa wa Karagita hawakuwa na hati ya ufukweni, na kwa hiyo hawakuwa na kiti. Mpango wa usimamizi ulipochapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2004 ulipingwa mahakamani, na utekelezaji wake ukakwama. Mpango uliosifiwa nje ya nchi ulikosa uhalali mbele ya majirani wa ziwa lenyewe.

Upungufu wa pili ulitokana na jiografia. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani huletwa na Malewa, na Malewa hukusanya maji yake katika miteremko ya Nyandarua, kwenye mashamba madogo ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa Wanjohi, huko juu, anayelima hadi mdomo wa kijito hupeleka udongo na mbolea ziwani bila kuliona ziwa. Wenye ufuko wangeweza kutunza kila mita ya ufuko wao, na tope lingeendelea kushuka.

Jibu lilianza kupatikana baada ya Sheria ya Maji ya 2002 kutambua jumuiya za watumiaji wa rasilimali za maji, ambazo uanachama wake unafuata mkondo wa mto. Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, jumuiya ya watumiaji wakubwa wa maji kando ya ziwa ilikubali kuwalipa wakulima wa juu kupitia jumuiya za Wanjohi na Turasha ya Juu. Malipo yalikuwa vocha za pembejeo, za takriban dola 17 za Marekani kwa mwaka kwa mkulima. Kwa upande wake mkulima aliacha ukanda wa nyasi ukingoni, akapanda nyasi za nepia kukingama mteremko, akaotesha miti ya matunda na kupunguza mbolea.

Kuna wanaosema kwamba anayelipwa hajitolei tena. Sikubaliani nao. Dola 17 hazilipi hata jasho la kuchimba matuta ya shamba moja. Kinachomfanya mkulima aendelee ni nepia yenyewe, ambayo hukatwa na kupelekwa zizini, ikarudi nyumbani kama maziwa, na udongo wake ambao haukuondoka na mvua. Vocha ina kazi nyingine: inamwambia kwamba jirani wa chini ya mto ameona kazi yake na anamheshimu. Kumtaka mkulima maskini aache sehemu ya shamba lake bure, kwa faida ya kampuni inayosafirisha maua Ulaya, ni kumwonea, hata tukiliita jambo hilo kujitolea.

Linganisha na Nairobi. Mwaka 2018 majengo makubwa yalibomolewa kwenye kingo za mito ya jiji, na baada ya mafuriko ya 2024 tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Maghorofa yale yalijengwa mchana kweupe, na maskini wa Mathare hawakufika huko jana. Dola inayokutana na mtu wa ukingoni kwa mara ya kwanza siku ya kumbomolea haiwezi kumtarajia awe mshirika wake kesho yake.

Tena mtu wa ukingoni si mkulima tu. Katika bonde la chini la Mto Tana, mashamba ya Wapokomo hukatizwa na malka, njia ambazo Waorma huzipitia kunywesha ng'ombe wao, na malka inapozibwa na shamba jipya, ugomvi huanza. Jumuiya ya mto inayoandikisha wenye mashamba pekee itazihifadhi kingo na kuyafukuza makundi ya ng'ombe.

Sheria ya Maji ya 2016 inazipa jumuiya hizi kazi mbili, usimamizi wa pamoja na usuluhishi wa migogoro, lakini kazi bila fedha huishia kwenye daftari la mahudhurio. Sehemu ya ada za matumizi ya maji irudi kwao. Vigingi vya ukingo vipigwe mwenye shamba na majirani wakiwapo, baada ya wazee kuulizwa maji yaliwahi kufika wapi. Wapangaji, wavuvi na wafugaji wawe na viti vyao kamatini. Mwaka 2020 ziwa lilipoingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, Naivasha, miongoni mwa waliohamishwa walikuwa wapangaji wasiomiliki hata futi moja ya ardhi. Hao ndio waliohitaji kuliko wote kuonyeshwa kigingi kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza.