Bolti sita mbele, tano nyuma: Land Cruiser zetu zilifikaje hapa?

Siku moja tulikwama kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ndani ya Land Cruiser ya mizigo iliyojaa watu na magunia. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka. Mama mmoja akauliza: "Papa shofa, si unayo tairi pale juu?" Shofa akajibu bila kugeuka: "Iko, mama, lakini ni ya mbele tu." Watu wakacheka. Baadaye hawakucheka tena, kwa sababu tulilala palepale.

Janti ya akiba ilikuwa na matundu sita. Ekseli ya nyuma, ile mafundi wa Bukavu wanayoiita ponti, ilikuwa na bolti tano. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kwenye garaji inawezekanaje gari moja kuwa na miguu ya aina mbili. Jibu linaturudisha nyuma miaka mingi.

Toyota ilianza kutengeneza gari hili mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Zile tulizokua tukiziona, yaani 40 iliyotoka 1960 na 70 iliyotoka mwishoni mwa 1984, zilifunga magurudumu yake kwa bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Namba hiyo inaonekana ya ajabu, lakini ni inchi tano na nusu tu. Duara hilohilo liko kwenye Hilux za kuvuta magurudumu manne, Prado, Nissan Patrol na Pajero nyingi. Ndiyo maana janti ya matundu sita haikosekani, hata ukiitafuta usiku.

Mwaka 1998 Land Cruiser 100 ilitoka na bolti tano kwenye duara la milimita 150. Mwaka 1999 ikawa zamu ya 70. Wengi huku wanasema Wajapani walipunguza bolti kwa ubahili. Sivyo. Bolti za zamani zina unene wa milimita 12, hizi mpya zina 14. Chukua 12 mara 12, kisha mara sita: 864. Chukua 14 mara 14, kisha mara tano: 980. Chuma kinachoshika gurudumu kiliongezeka kwa asilimia 13 hivi, ingawa bolti zenyewe zilipungua.

Lakini mwaka huo 1999 kulibadilika kitu kingine, na bila hicho hatungekuwa na gari za sita mbele na tano nyuma. Upande wa mbele, 70 mpya ziliacha springi za vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zikapewa springi za kujizungusha. Nyuma springi za zamani zilibaki. Injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, nayo ikaendelea. Basi ponti ya nyuma ya gari jipya inakubali kuingia chini ya gari la zamani, lakini ya mbele inakataa mpaka ukate na kuunga chasisi. Fundi anabadili nyuma, anafuta mikono, anaishia hapo.

Na ponti hizo zilitoka wapi? Mwaka uleule wa 1999 Umoja wa Mataifa uliunda MONUC, na katika miaka iliyofuata barabara za Kivu zikajaa magari meupe ya misheni na ya mashirika. Gari likichoka au likipinduka, mwisho wake ni vipande. Mfanyabiashara mwenye 70 ya zamani akivunja ponti, ile anayouziwa kwa bei anayoiweza ni ya bolti tano.

Mimi silaumu kazi hiyo ikifanywa sawasawa. Shida ni kwamba bolti zimekaa kwenye kitovu cha gurudumu, na dramu au diski ya breki nayo ina matundu yanayopitiwa na bolti hizohizo. Huwezi kubadili bolti bila kugusa breki. Mirija ya mafuta ya breki, kebo ya breki ya mkono, vyote vinapaswa kukutana tena. Kuna pia valvu inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo, yenye mkono unaoshikana na ponti. Nimeona gari ambalo mkono huo umefungwa kwa waya. Valvu ya namna hiyo haijui tena kama gari ni tupu au limejaa. Ikipeleka nguvu nyingi nyuma, magurudumu ya nyuma yanaganda kwanza na gari linageuka ubavu. Ikipeleka kidogo, breki za mbele zinabeba mteremko wote peke yake. Kwenye Ngomo hutaki hata moja kati ya hayo.

Halafu kuna meno ya ndani. Land Cruiser zilitoka na uwiano tofauti, kwa mfano 4.11 na 4.30. Mbele ikiwa na mmoja na nyuma mwingine, siku ukitia magurudumu yote manne kwenye matope, ponti mbili zinavutana na kinachovunjika ni gia.

Wengine hukwepa haya yote kwa kutoboa matundu mapya kwenye kitovu cha zamani, kwa kuwa duara hizo mbili zinapishana kwa milimita 10 tu. Hao mimi sipandi gari lao.

Mwaka 2021 Toyota ilitoa Land Cruiser 300, ikarudi kwenye bolti sita na duara la 139.7, safari hii kwa bolti nene za 14. Ile 70 imebaki na tano.

Asubuhi ile ya Ngomo, motari mmoja alituletea janti ya matundu tano kutoka Bukavu, ameifunga mgongoni kama mtoto. Shofa yule nimemwona tena mara mbili. Juu ya gari lake sasa kuna matairi mawili ya akiba, moja ameliandika kwa rangi nyeupe MBELE, jingine NYUMA.