Nani Anamlea Kinda? Historia ya Kupandisha Ngazi Viumbe Wachanga katika Michezo ya Mtandaoni

Utangulizi

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hutajwa tunapozungumzia wazazi na walimu, lakini kwa zaidi ya miaka 25 sasa mamilioni ya vijana duniani wamekuwa wakiitekeleza mahali ambapo wahenga hawakupatarajia, yaani kwenye kioo cha simu na kompyuta. Huko mchezaji hupewa kiumbe mchanga na dhaifu. Humlisha, humpeleka vitani polepole na kumkusanyia pointi za uzoefu. Pointi hizo zikitimia idadi fulani, kiumbe hupanda ngazi: nguvu zake huongezeka, hujifunza mbinu mpya, na pengine hubadilika umbo.

Insha hii inafuatilia historia ya malezi hayo, hasa kuanzia 1996 hadi 2022. Hoja yake ni kwamba ngazi ya kiumbe ni kipimo cha muda uliotumiwa na mlezi wake, na chochote kinachopima muda wa mtu kinaweza kupangiwa bei. Ndiyo maana malezi yaliyoanza kama burudani yaligeuka kuwa kazi ya ujira, na kazi hiyo ilipoporomoka, walezi wasiomiliki kitu walibaki mikono mitupu.

Chimbuko la ngazi

Wazo la kupanda ngazi halikuanza na kompyuta. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Ndani yake mhusika alipata pointi za uzoefu kwa yale aliyoyafanya, na pointi zilipotosha alipanda ngazi. Michezo ya kompyuta ilirithi utaratibu huo mapema, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi ambayo kompyuta huifanya vizuri kuliko nyingine zote.

Hata hivyo, katika michezo mingi ya mwanzo aliyekua alikuwa shujaa, yaani mchezaji mwenyewe. Badiliko kubwa lilitokea Japani, pale ukuaji ulipohamishiwa kwa kiumbe mwingine anayemtegemea mchezaji. Katika Dragon Quest V, uliotoka mwaka 1992, mazimwi yaliyoshindwa vitani yaliweza kujiunga na shujaa na kukua pamoja naye. Kisha ukaja mwaka 1996. Mwezi Februari kampuni ya Game Freak, iliyoongozwa na Satoshi Tajiri, ilitoa michezo ya kwanza ya Pokémon. Mwezi Novemba kampuni ya Bandai ilitoa Tamagotchi, kidude kidogo chenye umbo la yai ambacho ndani yake aliishi kiumbe aliyehitaji kulishwa na kusafishwa, la sivyo alikufa.

Vitu hivi viwili vilikuwa na tofauti muhimu. Tamagotchi ilidai uangalizi, lakini haikuwa na ushindani mkubwa. Pokémon iliunganisha uangalizi na vita. Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu, alitengeneza mchezo ambao mtoto hukamata viumbe, huwakuza, kisha huwapambanisha na wa wenzake.

Somo la samaki dhaifu

Mfano mzuri wa malezi ya Pokémon ni samaki aitwaye Magikarp. Katika michezo ile ya kwanza, mchuuzi mmoja humuuza kwa sarafu 500 za mchezo, na mnunuzi hugundua upesi kwamba samaki huyu hana lolote. Mbinu yake ya pekee mwanzoni ni kurukaruka, jambo lisilomdhuru adui yeyote. Lakini akifikishwa ngazi ya 20 hugeuka kuwa Gyarados, mnyama wa kutisha ambaye wachezaji wengi walimtamani.

Je, asiyeweza kupigana hupataje uzoefu wa vita? Wachezaji walijifunza kumtanguliza Magikarp mwanzoni mwa pambano, kisha kumwondoa mara moja na kumwingiza mkubwa mwenye nguvu. Adui aliposhindwa, pointi ziligawanywa kwa wote walioshiriki, akiwemo mchanga aliyeonekana kwa dakika moja tu. Mbinu hiyo haikuhitaji werevu mwingi. Ilihitaji subira, maana ilirudiwa mara nyingi sana.

Njia ya mkato nayo ilikuwepo tangu siku hizo. Mzee mmoja katika mchezo alipokea Pokémon wa kulea. Kila hatua moja ya mchezaji ilimpa kiumbe pointi moja ya uzoefu, na wakati wa kumchukua mchezaji alilipa sarafu 100 pamoja na 100 nyingine kwa kila ngazi iliyopandwa. Hapa tunaona bei ya malezi ikiandikwa waziwazi kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo, ingawa fedha zenyewe zilikuwa za mchezo tu.

Jambo jingine linastahili kutazamwa kwa makini. Wachezaji wawili waliweza kuunganisha mashine zao za Game Boy kwa waya na kubadilishana viumbe. Kiumbe aliyetoka kwa mwingine alipata uzoefu mara moja na nusu zaidi ya kawaida. Lakini kama ngazi yake ilikuwa juu mno kuliko beji alizoshinda mmiliki mpya, alikataa kumtii: alilala, alizurura au alifanya alilotaka. Kwa maneno mengine, sheria za mchezo zililinda uhusiano wa mlezi na mlelewa. Uliweza kuipata nguvu iliyojengwa na jasho la mwenzako, lakini utii wake ulipaswa kuuchumia mwenyewe.

Malezi yahamia mtandaoni

Intaneti ilipanua uwanja. Novemba 1999 Waingereza wawili, Adam Powell na Donna Williams, walifungua tovuti ya Neopets. Mtu yeyote mwenye kompyuta na mtandao aliweza kumiliki kiumbe bure, kumlisha na kumpeleka katika shule ya mafunzo ndani ya mchezo. Ada ya shule hiyo ililipwa kwa mawe maalumu, na baada ya kulipa mchezaji alisubiri kwa saa kadhaa hadi somo liishe. Kiumbe wa Neopets hakufa kwa njaa, lakini mlezi asiyerudi alimkuta akiwa na hali mbaya. Mwaka 2005 kampuni ya Viacom iliinunua Neopets kwa dola milioni 160. Kilichokuwa na thamani hapo ni watu wenyewe, yaani mamilioni ya vijana waliorudi kila siku kuwalisha viumbe wao na kuyaona matangazo njiani.

World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, ulichukua njia nyingine. Awali mwindaji alifuga mnyama aliyepigana pamoja naye. Asipomlisha, furaha ya mnyama ilishuka na mapigo yake yakadhoofika. Septemba 2012 toleo lililoitwa Mists of Pandaria liliongeza mapambano ya wanyama wadogo, watatu kwa watatu, kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 25. Ujanja wa Magikarp ulirudi: wakubwa wawili na mchanga mmoja. Mchanga alilazimika kuingia uwanjani walau kidogo na kutoka akiwa hai, la sivyo hakupata kitu. Lakini sasa soko lilikuwa wazi zaidi. Wanyama wengi waliweza kutiwa kizimbani na kuuzwa katika ukumbi wa mnada kwa dhahabu ya mchezo. Mwenye muda alilea, mwenye dhahabu akanunua, na mnyama hakumgomea mmiliki mpya.

Julai 2016 Pokémon GO ilileta bei ya fedha halisi. Mayai yalianguliwa kwa kutembea kilomita 2, 5 au 10 huku simu ikihesabu. Kila mchezaji alipewa mashine moja ya kuangulia isiyokwisha. Aliyetaka kuangua mayai mengi kwa matembezi yale yale aliweza kununua mashine nyingine, na kila moja ilitumika mara 3 tu. Miguu ilibaki ya mchezaji, lakini mavuno ya kila kilomita yalitegemea pia mfuko wake.

Malezi yawa ajira

Hatua ya mwisho ilitoka Vietnam, katika kampuni ya Sky Mavis iliyotengeneza mchezo wa Axie Infinity. Umiliki wa kila kiumbe, aitwaye Axie, uliandikwa katika daftari la kidijitali, naye aliuzwa na kununuliwa kwa fedha halisi. Ushindi katika mapambano ulileta sarafu iitwayo SLP, ambayo ilihitajika ili kuzalisha viumbe wachanga. Kila Axie aliweza kuzaa mara 7 tu. Anayeanza kucheza alihitaji viumbe watatu, na mwaka 2021 bei yao ilifika mamia ya dola.

Janga la korona lilipofunga shughuli nchini Ufilipino, watu wengi, wakiwemo wakazi wa mji wa Cabanatuan, waliuona mchezo huu kama riziki. Wasioweza kununua viumbe waliazimwa na wenye navyo, kisha wakagawana mapato kwa asilimia walizokubaliana. Waazimwaji hao waliitwa kwa jina ambalo sisi wanafunzi tunalijua vizuri: wenye ufadhili. Ukweli ni kwamba walikuwa wachungaji wa mifugo ya watu wengine.

Wapo wanaosema hapakuwa na ubaya, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa na chakula kilipatikana nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, kwani wakati ule njia nyingine zilikuwa chache. Lakini tutazame jinsi soko lilivyofanya kazi. SLP ilizalishwa kila siku na kila aliyeshinda, na matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha Axie wapya. Axie wapya nao walihitaji wanunuzi wapya. Wageni walipopungua, sarafu zilizagaa. Julai 2021 SLP moja ilikaribia senti 40 za dola. Kufikia katikati ya 2022 haikufika hata senti 1. Katikati ya anguko hilo, Machi 2022, wezi wa mtandaoni waliiba mali ya zaidi ya dola milioni 600 kutoka katika mfumo wa Ronin uliohudumia mchezo huo, na serikali ya Marekani ikalihusisha kundi la Lazarus la Korea Kaskazini na wizi huo. Wizi ulitangazwa sana, lakini ujira wa wachungaji ulikuwa umeporomoka kabla yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutoka kwa Magikarp hadi Axie kazi ya mlezi haikubadilika sana: ni ile ile ya kurudia, kusubiri na kumwingiza mdogo vitani taratibu. Kilichobadilika ni nani anayevuna. Mtoto wa 1996 aliyemfikisha samaki wake ngazi ya 20 alibaki na Gyarados wake. Mchezaji wa Cabanatuan aliyepigana kwa Axie wa kuazima alibaki na mgawo wa sarafu isiyonunua kitu, na viumbe wakarudi kwa mwenyewe.

Historia hii inatufundisha kuuliza swali jipya kila tunapoalikwa kucheza na kulipwa. Ni rahisi kuuliza mchezo unalipa kiasi gani. Swali la maana zaidi ni fedha hizo zinatoka kwa nani, na kiumbe ninayemkuza ni wa nani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye kibaba ndiye anayepika.