"Demarcation" si "demolition": maneno marefu ya Kiingereza katika notisi za ardhi

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia tena hadhi hiyo. Hata hivyo, karatasi inayobandikwa mlangoni pa mtu kuhusu ardhi bado huja kwa Kiingereza. Huko Namuwongo, mtaa wa Kampala uliobanwa kati ya reli, viwanda na kinamasi cha Nakivubo, karatasi hiyo si jambo geni. Mwaka 2014 makazi yaliyojengwa kwenye hifadhi ya reli yalibomolewa, na wakazi wengi, wakiwemo waliotoka kaskazini mwa nchi na Kongo, wanajua notisi inaweza kuleta nini.

Ugumu wa notisi hizi haumo katika urefu wa maneno peke yake. Mengi huanza kwa herufi zilezile na kumalizikia kwa t, i, o, n. Msomaji mwenye Kiingereza kidogo huona kichwa na mkia, kumbe maana imekaa kiwiliwilini.

Tuchukue "demarcation" na "demolition". La kwanza, lenye herufi 11, ni uwekaji wa mipaka: wapima ardhi wanakuja, wanapima, wanasimika nguzo za saruji au mawe ya mipaka. Hakuna anayeondolewa siku hiyo. La pili, lenye herufi 10, ni ubomoaji, ule ambao Watanzania wameuita bomoabomoa. Anayeyachanganya aweza kung'oa mabati yake na kuyauza kwa bei ya kutupa ilhali wapimaji walikuwa wanapita tu. Au, vibaya zaidi, akalala usingizi juu ya notisi ya ubomoaji. Lakini uwekaji wa mipaka nao usidharauliwe. Nguzo zikishasimama ndipo hujulikana nani yumo ndani ya hifadhi na nani yuko nje, kwa hiyo siku ya kumwita mwenyekiti wa LC1 na kuuliza maswali ni hiyo, si ile ya tingatinga.

Jozi ya hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni "eviction" na "evacuation". Yote mawili humtoa mtu nyumbani. "Evacuation" hutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuacha kitu kitupu: ni kuwahamisha watu wasidhurike kwa mafuriko au moto. Hatari ikipita, haki ya kurudi ipo palepale. "Eviction" imetokana na kitenzi cha Kilatini cha kushinda, na kweli inanuka ushindi wa upande mmoja: ni kumwondoa mtu kwa madai kwamba hana haki ya kukaa hapo. Sisi tunaofasiri habari huandika "kuhamishwa" kwa yote mawili pale muda unapotubana, na hapo tofauti nzima humwagika. "Kuondoshwa" au "kufukuzwa" ni sahihi zaidi kwa "eviction".

Sheria nayo inaitambua tofauti hiyo. Kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010, mwenye kibanja anayetambuliwa kisheria kwenye ardhi iliyosajiliwa hawezi kuondoshwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu, yaani kodi ya ardhi ya mwaka. Amri hiyo lazima itaje tarehe ya kuondoka isiyopungua miezi 6 tangu ilipotolewa. Kinga hii haimhusu kila mtu. Aliyejenga kwenye hifadhi ya reli au kinamasini huitwa kwa neno jingine refu, "encroacher", yaani mvamizi, na notisi yake hufuata njia nyingine.

Kisha kuna "compensation" na "confiscation", kila moja herufi 12. "Compensation" asili yake ni mizani: kupima kitu dhidi ya kingine. Kiswahili chake ni fidia, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia iwe ya haki na ya kutosha, na ilipwe kabla serikali haijaitwaa mali ya mtu. Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo mwaka 2015. "Confiscation" ni utaifishaji, mali kuchukuliwa bila malipo. Mizizi yake ni neno la Kilatini la kikapu, ambalo baadaye liliitwa hazina ya dola. Pia asidanganywe mtu na "facilitation": nchini Uganda hiyo ni nauli au posho ndogo ya kuhamia, nayo si fidia.

"Relocation" ni kuhamishiwa mahali pengine, na swali la kuuliza ni wapi. "Regularisation", herufi 14, ni kinyume chake: makazi yabaki yalipo, yapimwe na yapewe hati. Tanzania hukuita kurasimisha makazi.

La mwisho halina t, i, o, n. Afisa anapoleta barua huomba sahihi chini ya maneno "acknowledgement of receipt", maana yake kukiri kupokea. Hukubali yaliyoandikwa, unakubali tu kwamba karatasi imekufikia, na siku zinaanza kuhesabiwa. Ikiwa pahali hapo pameandikwa "agreement", hayo ni makubaliano. Usitie sahihi wala alama ya kidole kabla hujasomewa karatasi nzima kwa lugha unayoielewa, na baki na nakala yenye tarehe.